Laddu za Gagandeep

Tangu asubuhi duka la vitambaa la Mama Tarlochan mjini Kitale lilinukia samli. Jikoni, nyuma ya duka, alikuwa akifinyanga laddu, vile vitamutamu vya mviringo ambavyo Wasikh hugawa wanapopata mtoto. Kesho mjukuu wake wa kwanza angepewa jina hekaluni. Alikuwa na furaha mpaka akawa anaimba.

Mkaza mwanawe, Jasleen, alikuwa akimbadilisha mtoto nepi. Mama Tarlochan akachungulia, akaacha kuimba. Maumbile ya mtoto hayakufanana na ya mvulana, wala ya msichana.

"Mama, niliogopa kukwambia," Jasleen akaangua kilio.

"Basi hakuna sherehe! Apasuliwe kwanza! Watu wakiuliza, nitawaambia nini?"

Jasleen akampigia simu Sista Nakhumicha, muuguzi aliyemzalisha. Alikuwa kwao Kanduyi, pale Bungoma, lakini alifika jioni hiyo hiyo.

"Ananyonya? Anakojoa vizuri?" akauliza.

"Sana!" akajibu Jasleen.

"Sasa haraka ya kisu ni ya nini, Mama? Daktari alimpima, yuko salama. Tutamrudisha kliniki aangaliwe tena. Mtoto kama huyu anaitwa huntha. Wengine wanasema intaseksi. Amezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume kabisa wala ya kike kabisa. Si laana, bana! Hata sheria ya watoto ya Kenya inamtambua. Akikua, atatuambia mwenyewe yeye ni nani. Lakini ati 'nusu-nusu', hiyo sitaki kuisikia."

"Na jina je? La kijana ama la msichana?"

Jasleen akafuta machozi. "Mama, si majina yetu ya Kisikh ni ya wote, wanaume kwa wanawake? Wewe mwenyewe unaitwa Tarlochan. Na yule mjomba wako wa Bungoma aliitwa nani?"

"Tarlochan," Mama Tarlochan akajibu, kisha akacheka hadi mbavu zikamuuma. Akarudi jikoni mbio kumalizia laddu.

Kesho yake kitabu kitakatifu kilifunguliwa, na herufi ya kwanza ya ukurasa, ambayo ndiyo huanza jina la mtoto, ikatoka G. Gagandeep! Hekalu zima likashangilia.

Wangui, jirani wa duka, akaja dukani kupongeza. "Hongera, Mama! Ni kijana ama msichana?"

Mama Tarlochan akamtazama Jasleen, naye Jasleen akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

"Ni huntha," akasema kwa fahari. "Ni wetu."

"Huntha? Hiyo ni nini?"

"Keti nikueleze. Lakini kwanza, kinga mkono ushike laddu."