Basi Nitaolewa Mimi

"Shika pete yako."

Msusi aliiweka juu ya meza ya kazi, katikati ya vipande vya nondo. Mchumba wake, fundi wa mageti, akavua miwani ya kuchomelea.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kaka kapiga simu. Nikiolewa, baba anapelekwa kwa shangazi."

"Shangazi yule anayetembea kwa fimbo?"

"Huyo huyo. Kwa kaka hawezi kwenda, wifi hataki."

Baba yake alipooza upande mmoja baada ya kiharusi. Tangu mama afariki, msusi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Fundi alilijua hilo. Msusi akaondoka.

Jioni ujumbe wa fundi ukaingia kwenye simu ya msusi: "Kesho nakuja kwenu. Usinijibu."

Kweli akaja, na begi la nguo begani. Kaka mtu alikuwa hewani, simu imewekwa sauti ya juu kando ya kitanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Begi la nini?"

"Binti yako hawezi kuolewa akakuacha. Basi nitaolewa mimi."

Kaka akang'aka simuni: "Mwanamume mzima unaolewa? Watu watakucheka!"

"Wacheke, shemeji. Wakichoka kucheka, waje tusaidiane kumgeuza mzee."

"Kata simu," mzee akaamuru. Akamtazama fundi. "Unakoroma?"

"Kidogo, mzee."

"Mimi nakoroma sana. Tutaona atakayehama."

Msusi hakucheka.

"Mmeshapangiana vitanda, na mimi nani kaniuliza?"

Fundi akatua begi chini.

"Nakuuliza sasa. Utanipokea?"

Machozi yakamtangulia kujibu.

"Pete iko wapi?"

Harusi ilifungiwa sebuleni, mzee akiwa kwenye kiti chenye mito. Kaka alichelewa, akaja peke yake, akakaa karibu na mlango kama mgeni. Chakula kilipoletwa, msusi akainuka na gauni lake, kijiko mkononi, kama kawaida yake.

"Kaa, mwanangu. Leo wewe ni bibi harusi," mzee alisema. Kisha akamgeukia kijana wake. "Wewe, sogea. Nina njaa."

Kaka alitazama mlango, akatazama watu. Akasogeza kiti. Kijiko cha kwanza kilimwagikia shati la mzee.

"Polepole," mzee akamwambia. "Na wewe nilikulisha hivi hivi."