Kuku Ndani, Mtoto Gulioni

Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, Ritha alitazama mama yake ametoka na nini. Akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni, siku hiyo ni fundi cherehani. Akiwa na kichupa cha dawa, anakwenda kuwatia kuku matone ya kuwakinga na kideri. Akivaa fulana ya buluu, ni mhudumu wa afya, na kazi yake ni watoto na wajawazito. Ritha alidhani kijiji kizima kinayajua hayo kama yeye.

Jioni moja wakati wa likizo, mama alimtuma kwa jirani yao, Mama Gasto.

"Mwambie kesho asubuhi muuguzi anakuja ofisi ya kijiji na chanjo ya surua. Amlete Gasto bila kukosa. Kijiji cha pili watoto wameanza kuugua."

Ritha alikwenda mbio, maana wenzake walikuwa wanamsubiri kwenye mchezo wa rede. Hata hodi hakupiga. Alisimama nje ya ua akapaza sauti, "Mama Gasto, shikamoo! Mama anasema kesho asubuhi ni chanjo!"

"Marahaba! Nimesikia!" Mama Gasto alijibu kutoka jikoni. Ritha akageuka zake.

Asubuhi akina mama walijaa ofisini na watoto wao. Ritha alimtafuta Mama Gasto kwa macho, asimwone. Foleni ilizidi kupungua. Muuguzi Stanley alisema chanjo ikishafunguliwa hailali hadi kesho, na mchana lazima aende kijiji kingine.

Ritha alikimbia mpaka kwa Mama Gasto. Mlango ulikuwa umefungwa. Uwanjani palikuwa na tenga limejaa kuku, jogoo akiwika humo humo kwa hasira. Kando yake bibi yake Gasto alikuwa anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi. Mama Gasto yuko wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaenda gulioni kuuza vitunguu, mtoto kambeba mgongoni. Mama yako mbona kachelewa? Kuku tumewafungia tangu alfajiri, tunamsubiri aje kuwachanja."

Ritha akaelewa: jana hakusema ni chanjo ya nani. Wazo la kwanza lilikuwa kusema, "Nilimwambia, hakunielewa." Nani angembishia? Lakini alimkumbuka Gasto, ambaye juzi tu ameanza kusimama kwa kushika kigoda. Je, akipata surua? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa fimbo.

Alirudi kwa mama yake akamweleza kila kitu.

"Maneno baadaye," mama alisema. "Kimbia gulioni. Mimi nitamwomba muuguzi atusubiri kidogo."

Ritha alikata katikati ya mashamba ya alizeti, akamkuta Mama Gasto anapanga vitunguu.

"Mama Gasto, chanjo ni ya watoto, siyo ya kuku! Surua iko kijiji cha pili!"

Mama Gasto alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Alimwachia mwenzake vitunguu, akakaza mbeleko. Walipofika, Stanley alikuwa ameshalifunga sanduku la chanjo kwenye pikipiki. Aliwatazama wanavyohema, akalifungua tena. Gasto alidungwa sindano, akapiga yowe, na Ritha akalia naye kwa furaha.

Jioni mama alimkalisha karibu na cherehani.

"Umefanya vema kusema kweli, mwanangu, na umefanya vibaya kufanya haraka. Kazi zangu ni tatu, lakini sura yangu ni moja. Watu wakisikia ninakuja, hawajui anakuja fundi, mtu wa kuku au mtu wa watoto, mpaka waambiwe. Mwenye kazi nyingi lazima aeleze leo anafanya ipi, na anayetumwa naye lazima aeleze hivyo hivyo. Kesho nakwenda kwa Mama Gasto kuwachanja kuku wake. Katoe taarifa."

Safari hii Ritha alibisha hodi, akaingia, akasalimia.

"Mama Gasto, kesho alfajiri mama anakuja kuwatia kuku matone ya kideri. Usiwafungulie."

"Na Gasto je, nimfunge kwenye tenga?"

"Hapana," Ritha alisema bila kucheka. "Gasto ameshachanjwa. Kesho ni kuku tu."