Kichwa cha Fatouma na Ndege wa Mama Mado

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watu wazima kusoma, hapa hapa mtaa wetu uitwao komuni ya Kenya, mjini Lubumbashi, nchini Kongo. Familia nitakayoisimulia ni majirani zangu, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo msiniambie nimezidisha.

Papa Djuma ni fundi wa kushona. Cherehani yake inakaa mlangoni, nusu ndani, nusu barabarani. Kama mafundi wote wa kushona, kuna maneno matatu anayoyajua vizuri kuliko yote: "Pita kesho asubuhi." Mke wake, Mama Mwajuma, anasuka nywele uani. Wateja wanaingia kwake na vichwa kama vichaka, wanatoka wamependeza. Mtoto wao mkubwa ni Fatouma. Ana miaka kumi na minane. Alikuwa darasa la mwisho, akijiandaa kwa mtihani wa taifa, ule tunaouita exetat.

Mwezi wa tatu, jirani yetu Mama Mado alimletea Djuma kikwembe, kitambaa cha kitenge. Kilikuwa kikwembe cha bei, chenye ndege wakubwa wa buluu.

"Papa Djuma, unishonee robe ya kuvaa ku ndoa ya mudogo wangu," alisema. "Bandege basimame muzuri."

"Hakuna shida, mama!"

Shida ilikuwepo. Siku ya kukata, Djuma alikuwa anabishana na mteja mwingine juu ya mpira. Mkasi ulitembea, mdomo ulitembea, macho hayakuwepo. Alipoinua robe, lile gauni lililokwisha kushonwa, ndege wote walikuwa kichwa chini, miguu juu. Na kitambaa kilikuwa kimeisha.

Fatouma alikuwa amekaa karibu, daftari mkononi. Aliona yote. Baba yake akaweka kidole mdomoni, kisha akaificha robe chini ya godoro.

Toka siku ile, Mama Mado alipita kila asubuhi, na kila asubuhi aliambiwa apite kesho. Ndoa ikapita. Mama Mado alivaa robe ya zamani, yenye kubana, na alicheza kwa hasira.

Lakini nyumba ile ilikuwa na shida kubwa kuliko robe. Tangu mwaka uliopita, Fatouma alikuwa "anapotea". Anaongea, ghafla ananyamaza. Macho wazi, kijiko hewani. Ukihesabu hadi kumi, anarudi, anaendelea kula kama hakuna lililotokea. Mwalimu wake alidhani anamdharau. Kisha alianguka akatetemeka mwili mzima. Siku ile Djuma alimtia mwiko mdomoni, akamvunja jino. Shangazi mmoja akasema ni bulozi, kwamba amelogwa. Muuza dawa mmoja akawapa vidonge bila kuuliza sana, na kupotea kukazidi.

Mara ya pili alianguka darasani. Mkuu wa shule akaandika barua: "Bila karatasi ya daktari, Fatouma hatafanya exetat." Zilibaki wiki sita. Fatouma alilia mpaka macho yakavimba. Msichana huyu anataka kufundisha hesabu. Akikosa mtihani ule, mwaka mzima umekwenda na maji.

Jioni ile Mama Mado alikuja, na safari hii hakuuliza robe. Mama Mado anafanya kazi kwenye kliniki moja mjini. Alikuta wanakula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, akaketi.

"Hii iko kifafa," alisema. "Haiko bulozi, na haiambukizi. Mu bongo ya kila muntu kuko umeme kidogo kidogo. Kwa mwenye kifafa, ule umeme unafanyaka fujo. Siye tuko na mashini ya kuandika ile fujo ku karatasi. Munganga wa kliniki anaangalia, anajua ni kifafa ya namna gani, anachagua dawa yake."

Djuma aliacha kutafuna. "Inaandika mambo ya mu kichwa?"

"Eee. Yote inatokea ku karatasi."

"Na nani anaangaliaka ile karatasi wa kwanza?"

"Mie!" Mama Mado akasema kwa fahari.

Bukari ilimkwama Djuma kooni. Mke wake akampiga mgongoni mara tatu.

"Kichwa ya mutoto wangu haiguswi!" alisema alipopata pumzi.

"Juu ya nini?" Mama Mwajuma akauliza.

Djuma alitafuta sababu. "Feza. Nani atalipa?"

"Hamutalipa," Mama Mado akasema. "Kuko feza ya utafiti. Sikia muzuri. Ile mashini ilitengenezwa mbali, kwa bantu ba kule, ba nywele ya kulala. Nywele yetu inasimama, na vile vyuma vyake vya kugusa kichwa havifiki ku ngozi. Batafiti ba hapa baliandika, baliomba feza ya kuitengeneza ikamate ku vichwa vyetu. Balipewa ya miaka tatu. Inalipa vyuma, inalipa bantu ba kazi, inalipa na kipimo ya bagonjwa."

"Basi siye batatulipa ngapi juu ya kichwa?"

"Kichwa haiuzwi, Papa Djuma! Batawarudishia feza ya bus tu."

"Aa! Kitu ya bure iko na mukia."

"Njo maana uulize. Mwuliza njia hapotei. Kuko karatasi ya ruhusa, batawasomea yote. Fatouma iko mukubwa, atasaini yeye mwenyewe. Akikataa, munganga atamutunza tu. Akichoka mu katikati, aseme 'simama', tunasimama."

"Na kama inamutia umeme mu kichwa?"

"Hapana. Hii inasikilizaka tu, sawa vile munganga anasikilizaka moyo. Kweli, kuko mashini ingine ya kutia umeme kidogo mu bongo. Ile bado banaichunguza. Haiko ya Fatouma. Na siku bakiitaka, lazima bamuulize upya."

Djuma aliuliza maswali kumi, na yote yalikuwa mazuri. Swali moja tu hakuuliza, lile lililomchoma: je, mashine ile inasoma siri? Angeulizaje? Mama Mado angesema, siri gani?

"Hapana. Haendi," alisema.

Ndipo Fatouma akaweka tonge chini. "Papa, ni kichwa yangu. Na exetat iko yangu. Nitaenda."

Hakusema kwa kelele. Djuma alimwangalia mke wake. Mke wake alikuwa anamwangalia yeye, na macho yale hayakuwa ya mchezo.

"Bon, aende," Djuma akasema. "Lakini na mie nitakuwa mule."

Kesho yake walipanda bus. Djuma akainama sikioni kwa mtoto wake.

"Fatou, mule ndani, usiwaze bandege. Waza hesabu."

"Papa, sikuwa nabawaza. Sasa niko nabawaza."

Jaribu na wewe msomaji. Usiwaze ndege. Umeona?

Kwenye kliniki, Fatouma alisomewa karatasi ya ruhusa, akauliza maswali yake, akasaini. Mama Mado alileta kofia yenye vyuma vidogo na nyaya nyingi. Lakini Fatouma alikuwa na rasta nene, za kuongezwa mèches, zile nywele za dukani, na mafuta juu. Kofia ilikaa juu juu kama kifuniko kwenye sufuria iliyojaa. Mashine ikaandika takataka tupu.

"Ooo, pole!" Djuma akasema, uso unang'aa. "Imekataa. Turudi nyumbani!"

"Nani anarudi?" Mama Mwajuma akauliza. Alichukua ile kofia, akaigeuza kama anachagua samaki sokoni. "Hiki chuma kinataka kugusa wapi? Na hiki?"

Mama Mado akamwonyesha kwenye picha ya kichwa.

"Na muda yote hii, hamukuita hata musukaji moja?"

Watafiti wawili waliokuwa mle ndani waliangaliana. Walikuwa na vyeti vingi. Cha kusuka hakikuwemo.

Mama Mwajuma alirudi nyumbani na ile picha. Alifumua rasta zote. Aliosha nywele kwa sabuni, bila kupaka mafuta. Kisha akasuka mistari ya kulala, myembamba, na kila palipotakiwa chuma aliacha njia ya ngozi. Alisuka jioni nzima, na mimi nilimshikia kitana. Djuma alishona karibu yetu, akajichoma sindano mara nne.

Siku iliyofuata kofia ilikaa. Vyuma vikagusa ngozi. Watafiti walishangilia kama timu yao imefunga bao. Djuma alisimama pembeni, jasho linamtoka.

"Fatou, mama, pumua kwa nguvu, mingi, mpaka nikuambie," Mama Mado akasema.

Fatouma akapumua. Mistari ikatembea kwenye mashine, midogo midogo, imetulia. Baada ya dakika mbili, ghafla ikaruka juu na chini, yote pamoja. Fatouma akakodoa macho, akapotea kidogo, akarudi.

Mama Mado akasogeza uso karibu. "Aaa! Nimeona kitu hapa."

Djuma akashika ukuta.

"Kumbe njo hii ilikuwa inajificha siku yote!"

Djuma akapiga magoti chini, pu! "Mama Mado, unisamehe! Bandege iko kichwa chini! Nilikata mubaya! Robe iko chini ya godoro!"

Mashine tu iliendelea kuandika.

Fatouma akamtupia jicho. "Papa," akasema, "mie nilikuwa nawaza hesabu."

Mama Mado aliangalia mashine, akamwangalia Djuma, akaangalia mashine tena.

"Papa Djuma. Hii iko mustari ya kifafa. Mashini haijue mawazo! Ukiwa ku nyumba, unasikiaka makelele ya stade. Unajua mpira inachezwa. Lakini unajua nani amesema nini?"

"Hapana."

"Njo vile. Tunasikia makelele tu." Kisha hasira ikafika. "Robe yangu! Mie nilicheza ndoa mu robe ya kubana, sipumue, na yako iko chini ya godoro?"

Mama Mwajuma alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipofuta machozi, alimwuliza mume wake polepole: "Papa Fatouma, juu ya kikwembe ulitaka mutoto akose dawa?"

Djuma aliona haya, haya ya kweli, na aliinamisha kichwa.

Daktari alisoma ile karatasi. Alisema vidonge vya mwanzo vilikuwa vya kifafa cha namna nyingine, na kwa Fatouma vilikuwa vinazidisha kupotea. Akampa dawa nyingine, akaeleza jinsi ya kubadilisha polepole.

"Dawa ni kila siku, saa ile ile," alisema. "Hata ukipona usiache mwenyewe. Uje tuongee. Na akianguka tena, musimushike kwa nguvu. Ondoeni vitu vya kumuumiza. Mulaze ubavu. Angalieni saa. Ikipita dakika tano, muleteni haraka."

"Na mwiko?" Djuma akauliza kwa sauti ndogo.

"Mwiko ni ya bukari. Mudomoni hamutie kitu."

Soma hapo mara mbili, msomaji, halafu umsomee jirani yako.

Watafiti walimwomba Mama Mwajuma arudi awafundishe ile mistari. Alikubali, lakini aliwaambia kwamba kazi ni kazi, na wakamwandika kwenye orodha ya watu wa kazi wa ile feza ya utafiti. Daktari aliandika karatasi ya shule. Mkuu wa shule aliisoma, akasema sawa. Wiki zilipita, Fatouma akameza dawa yake kila siku. Mara ya kwanza tulipomwona anamaliza sahani nzima bila kijiko kusimama hewani, Mama Mwajuma alilia kwenye sombe.

Alifanya exetat siku zote bila kupotea.

Siku ya matokeo, makelele yalitoka mwanzo wa barabara hadi mwisho. Fatouma alifaulu! Kwetu, anayefaulu anamwagiwa poda kichwani. Mama Mado alikuja mbio. Alikuwa amevaa robe ile ile ya chini ya godoro, na ndege wote kichwa chini.

"Mama Mado," nikamwambia, "bandege bameanguka."

"Bameanguka kwako weye," akajibu. Akainamisha kichwa, akaangalia tumbo lake. "Mie nikijiangalia, bamesimama muzuri."

Kabla ya jua kuzama, wanawake wawili walikuwa wamemwomba Djuma awashonee namna ile.

Djuma mwenyewe alitoka ndani na kopo zima la poda. Alimwaga yote juu ya kichwa cha mtoto wake, kichwa kile kile alichosema hakiguswi. Kisha mkono wake ukabaki pale pale kwenye poda, hauondoki.

"Papa," Fatouma akauliza, "unawaza nini?"

"Uliza mashini."

"Mashini haijue. Uniambie weye."

"Niko nawaza vile ulianguka," alisema. "Niliogopa, mutoto wangu. Niliogopa sana."

Fatouma akamkumbatia, na wote wawili wakawa weupe. Nyuma yao, mlangoni, mteja alikuwa anaita kuuliza suruali yake.

"Inakwisha leo," Djuma akamwambia. "Lakini uje kwanza uione, sababu nimekata muguu moja mufupi."