Aliyegeuka kwa Kushoto

Simu ya maandishi ilikuwa na maneno matano.

SHANGAZI ANASAFIRI IJUMAA. MZUIENI KISTAARABU.

Fakihi aliisoma mara moja, akaikunja, akaitafuna pamoja na kipande cha muhogo wa kuchoma. Karatasi ya serikali ilikuwa ngumu kuliko muhogo. Akashushia maji.

Ilikuwa Ijumaa. Saa tatu asubuhi, Kilwa Kivinje, mwaka 1949.

Shangazi lilikuwa sanduku. La bati, rangi ya kijani, kufuli mbili za Yale. Ndani yake mlikuwa na vitabu thelathini na kimoja vya jeshi, vya wana wa Kilwa waliopigana na Wajapani huko Bama. Kitabu kina jina, nambari na kikosi. Picha hakina. Mtu yeyote akikishika anakuwa shujaa.

Mwezi uliopita watu wawili walikamatwa Nachingwea wakiomba kazi ya ulinzi kwenye ghala la baruti ya kung'olea visiki. Kila mmoja alikuwa na kitabu halali cha askari wa Kilwa. Askari wenyewe walikuwa nyumbani kwao wakichuma korosho.

Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na watu walioitaka baruti ile. Wakiweka walinzi wao thelathini na mmoja ghalani, wangeibeba yote mchana kweupe.

Saa tisa alasiri maji yangejaa, na motaboti ya Mreno Valentini ingeondoka na Shangazi.

Aliyevikusanya vitabu hivyo aliitwa Sajini Tawakali.

Fakihi alimchukia mtu huyo kwa sababu mbili. Moja ilikuwa ya kazi.

Ya pili ilikuwa imekaa barazani, inapepea jiko la mkaa kwa pepeo, na jina lake Mboni.

Kwa wiki tatu Fakihi, kachero namba moja wa Lindi, alikuwa fundi cherehani. Aliifungua Singer ya Mboni, akaifunga, akaifungua tena. Katika kopo lake la mafuta mlikuwa na kamera ya Minox, nyembamba kama kidole. Ndani ya kisanduku chake, chini ya nati na bisibisi, bastola ya Webley. Na kila asubuhi kwa wiki tatu alimwona Mboni akimpelekea Tawakali kahawa ya kwanza. Yeye fundi alipewa ya pili, yenye machicha.

"Sajini," alisema Bi Mwahija, mama yake Mboni, "hebu nisimulie tena habari ya mwanangu."

Tawakali alivuta pumzi. Kifuani alikuwa na nishani nne. Begani alishona kitambaa chenye kifaru.

"Mama, sisi tulikuwa skauti wa mbele. Watu arobaini waliochaguliwa katika elfu kumi. Tulivuka mto wa Chindwini tukiwa na visu tu. Bakari alikuwa kulia kwangu. Risasi ilimpata hapa. Akacheka. Akasema, Mfalme aishi. Akafa."

Bi Mwahija alifuta macho kwa ncha ya leso. Majirani walikuwa wamejaa mpaka ngazini.

"Na wewe, fundi?" Tawakali alimgeukia. "Vita vilikukuta wapi?"

"Bama hukohuko, Sajini. Nilikuwa nikichunga nyumbu."

"Nyumbu?"

"Wa kubeba mizinga."

"Basi nawe ulikuwa na cheo. Jemadari wa mavi."

Watu walicheka. Mboni naye alicheka, akaficha mdomo kwa kanga.

Fakihi aliinama juu ya Singer akakaza skurubu ambayo haikulegea.

Kwa maana Bakari hakuwa skauti. Bakari alichunga nyumbu pia, mstari mmoja na Fakihi, hema moja na Fakihi. Na Fakihi ndiye aliyemzika. Alimwahidi kwamba atakuja Kilwa kumwona mama yake. Miaka minne ikapita, asije. Hakujua ataanzaje kusema. Alipokuja, akamkuta mwongo amekaa kwenye kiti chake, anasema vizuri, anakunywa kahawa ya kwanza.

Posa ya Mboni ilikuwa imekwisha kupokelewa. Ndoa ingefungwa Tawakali akirudi safari.

Na kitabu cha Bakari, kitu pekee kilichorudi nyumbani kutoka Bama, kilikuwa ndani ya sanduku. Bi Mwahija alikitoa kwa mikono miwili. Aliambiwa kinakwenda Dar es Salaam kupigwa muhuri wa mashujaa.

Saa tano Fakihi alikuwa nyuma ya mikorosho, nje ya mji. Alipanda nguzo ya posta akanasa waya. Mkononi alikuwa na simu ya jeshi, ile waliyoiita Doni Faifu.

"Lindi," ilijibu sauti. Ilikuwa ya Sajini Meja Nikodemo, mkubwa wake.

"Fundi hapa."

"Sema."

"Ni mwongo, afande. Bama hakufika."

"Ushahidi?"

"Bakari alifia mikononi mwangu. Si mwake."

Waya ulivuma.

"Neno lako kwa neno lake," alisema Nikodemo. "Nawe nasikia unamwangalia sana huyo dada wa marehemu."

"Nani kasema?"

"Ripoti zako. Wiki tatu, kurasa kumi na nne. Cherehani kurasa tisa."

Fakihi alibana nguzo kwa magoti.

"Una wivu, Fakihi."

"Ninao."

"Hakimu hamfungi mtu kwa wivu wako. Na Bwana Shauri wa wilaya keshatia sahihi sanduku lisifunguliwe na polisi yeyote, ni mali ya mashujaa. Ukivunja kufuli ya shujaa, mimi na wewe tutahesabu mbuzi mnadani Kitomanga mpaka tuote mvi. Mvue ushujaa kwanza. Mbele ya watu. Ndipo ufungue."

"Na Mreno?"

"Mreno niachie. Nina boti ya doria Masoko. Lakini sanduku likishapanda kwake atalizamisha akituona, na ushahidi utakwenda na maji. Lisipande."

"Lisipande. Nimesikia."

"Na Fakihi."

"Afande."

"Ukikosea, usirudi Lindi."

Simu ikakatika.

Saa nane, watu walipotoka msikiti wa Ijumaa, uwanja mbele ya boma ulijaa. Askari wa zamani thelathini walijipanga safu tatu. Wengine walivaa kanzu, wengine bado walikuwa na kaptula za jeshi zilizopauka. Bwana Shauri alikaa kivulini juu ya kiti cha turubai. Bi Mwahija alipewa kiti mstari wa mbele. Mboni alisimama nyuma yake, wanja umekolea machoni.

Ufukweni motaboti ilikuwa imetia nanga. Injini yake, Kelvin mpya, ilikwisha kuwashwa. Valentini alisimama mbele akivuta sigara, kofia nyeupe usoni.

Wachukuzi wawili walilibeba sanduku wakaanza kuteremka nalo taratibu.

Tawakali alitoka mbele ya safu.

Alikuwa mzuri. Fakihi, amesimama kando na kisanduku chake cha nati, ilibidi akiri. Mgongo ulinyooka kama ufito. Sauti ilipasua uwanja. Safu zikasimama, zikalala, zikabeba bunduki za mti, kwa pamoja, kama mwili mmoja. Wazee walitikisa vichwa kwa raha. Fakihi mwenyewe katika miaka yake mitano ya jeshi hakuwahi kusimama hivyo. Nyumbu hawakumwacha anyooke.

Labda nimekosea, aliwaza. Labda alikuwa askari kweli, akaongopa habari ya Bakari tu.

Tawakali aliwaamuru askari wake.

"Abautani."

Safu tatu ziligeuka nyuma.

Akawarudisha. Kisha yeye mwenyewe akageuka nyuma ili amkabili Bwana Shauri. Kisigino kikagonga. Mkono ukapanda kwenye kofia.

Uwanja ulishangilia.

Fakihi hakushangilia. Alikuwa ameganda.

Tawakali alikuwa amegeukia kushoto.

Askari wa Keya, jeshi la Mfalme, hugeukia kulia. Hufundishwa hivyo siku ya kwanza, kwa fimbo na kwa matusi ya mama, na mguu hausahau tena hata mtu akizeeka. Safu zote tatu ziligeukia kulia. Hata mzee mmoja wa Nangurukuru aliyepoteza vidole vya mguu aligeukia kulia.

Nani hugeukia kushoto, kwa ustadi kama ule?

Mtu aliyejifunza kwa kutazama. Mtu aliyesimama mbele ya askari, uso kwa uso, akaziona safu kama anavyojiona kwenye kioo. Kulia kwao kukawa kushoto kwake. Siku nyingi. Miaka.

Fakihi alikumbuka kambi ya mafunzo. Alikumbuka ukingo wa uwanja wa gwaride, na majani marefu, na watu waliovaa kaptula nyeupe waliokuja kila asubuhi na mafyekeo. Walifyeka huku wakitazama. Hawakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Sanduku lilikuwa limebakiza hatua thelathini kufika majini.

Fakihi alitua kisanduku chake, akatoa Webley akaificha chini ya shati. Akaingia uwanjani.

"We fundi, rudi," alisema polisi mmoja.

Hakurudi. Akajaza kifua. Akatoa sauti ambayo hakuitumia tangu kuzaliwa, sauti aliyoisikia kila asubuhi ikitoka ng'ambo ya uwanja wa kambi.

"Hesabu. Mbili mbili, chuchumaa."

Askari thelathini walibaki wima. Amri ile haikuwa yao.

Tawakali alichuchumaa.

Magoti yalikunjika kabla ya akili kufika. Kichwa kikainama. Mikono miwili ikapanda ikakaa juu ya kofia, kidole juu ya kidole. Nishani zililia kifuani kama vijiko.

"Nambari," alisema Fakihi.

"Mia mbili kumi na saba, Bwana Jela."

Kunguru alilia juu ya boma. Bwana Shauri alisimama polepole. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Kisha mzee wa Nangurukuru akasema, kwa upole kabisa, "Kumbe skauti alikuwa akitufyekea majani."

Kicheko kilianza safu ya nyuma. Kikaja mbele. Tawakali aliinua uso, akaona watu, akaona Mboni. Akaruka.

Alikimbia vizuri pia. Aliwafikia wachukuzi, akawapiga kikumbo, akalinyakua sanduku kwa mikono miwili, akaingia majini.

Fakihi alikuwa nyuma yake.

Maji ya goti. Maji ya paja.

"Njoo, haraka," alipiga kelele Valentini. Mkononi mwake ilitokea Beretta.

Risasi ya kwanza ilipasua maji kushoto kwa Fakihi. Ya pili ikachana ukosi wa shati lake. Fakihi alisimama, akaishika Webley kwa mikono miwili, akalenga kwa utulivu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano.

Akafyatua mara moja.

Beretta iliruka ikazama. Valentini alijishika mkono akatukana Kireno. Kisha akaona ufukwe. Askari thelathini wa zamani walikuwa wanaingia majini, kanzu zimepandishwa kiunoni, bunduki za mti mabegani, na sasa hakuna aliyekuwa akicheka.

Mreno hakusubiri rafiki. Akakata kamba ya nanga, akapindua usukani, Kelvin ikanguruma.

Tawakali alibaki na maji ya kifua na sanduku kichwani.

"Fundi," alisema, akihema. "Sisi sote tulikaa kambi moja. Wewe na nyumbu, mimi na fyekeo. Nani alitutazama?"

"Hakuna," alisema Fakihi.

"Basi niache."

Fakihi alimtazama. Ajabu, hata pale, amelowa, ananuka tope la mikoko, mtu yule alikuwa na sauti nzuri.

"Lete sanduku."

Akalileta.

Saa kumi, kwenye nguzo ileile, Doni Faifu ililia mara mbili.

"Mreno tunaye," alisema Nikodemo. "Mkono wake umefungwa leso. Kazi yako?"

"Kazi yangu."

"Na sanduku?"

"Vitabu thelathini na kimoja. Vimelowa kidogo."

"Vianike. Na ripoti iwe ukurasa mmoja."

Alivianika barazani kwa Bi Mwahija, juu ya jamvi, kila kimoja kimefunguka. Wenyewe walikuja mmoja mmoja, wakatafuta majina yao, wakaondoka wakipuliza kurasa. Kikabaki kimoja.

Fakihi alikichukua, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo si fundi tena?"

"Leo ni mchunga nyumbu. Nilikuwa na Bakari. Nilipaswa kuja zamani."

Bi Mwahija alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Mboni aliacha kupepea mkaa.

"Basi niambie wewe," alisema mama. "Alicheka?"

"Hapana, mama. Hakupigwa risasi. Ilikuwa homa na kuhara, siku sita, mvua haikatiki. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Siku ya mwisho hakunijua. Alidhani mimi ni wewe. Akaniambia, mama, nibakishie matandu."

Bi Mwahija alifunga macho.

"Matandu," alisema.

"Ya wali wa nazi, akasema. Nikamwambia yapo."

Bi kizee alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. "Alikuwa hali wali, huyu. Anasubiri sufuria ipakuliwe, akwangue. Mboni, unasikia? Mfalme aishi kitu gani. Matandu."

Mboni alikuja na kikombe. Kahawa ilikuwa safi, ya kwanza kutoka birikani. Fakihi aliipokea.

"Watamfunga miaka mingapi?" Mboni aliuliza.

"Nani?"

"Yule."

"Hakimu ataamua."

Mboni alitazama ngazi tupu, pale majirani walipokuwa wakijazana. "Lakini alikuwa akisimulia," alisema polepole. "Ukimsikia unaona na mto wenyewe."

Kahawa iligeuka chungu. Fakihi aliimaliza hata hivyo. Akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akavaa kofia, akaaga.

Pikipiki yake, BSA ya polisi iliyoletwa jioni ile kutoka bomani, ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alipokuwa akiisukuma njiani, aliwapita majirani wawili wakiingia barazani, na nyuma yake akaisikia sauti ya Bi Mwahija ikianza kuwasimulia.

Mvua siku sita. Bakari kalala. Rafiki yake kamshika mkono. Na nje ya hema, alisema Bi Mwahija, Wajapani watatu, wana visu.

Fakihi alisimama. Mguu ulikuwa juu ya kiki.

Kulikuwa na Wajapani sifuri. Ripoti ya kweli ingesema hivyo, kwa ukurasa mmoja.

"Na huyu mchunga nyumbu," sauti iliendelea, "alimwacha mwanangu? Hakumwacha."

Kisha sauti ya Mboni: "Enhe, mama. Akafanyaje?"

Fakihi aliweka kofia sawa, akapiga kiki, akaishika njia ya Nangurukuru bila kugeuka nyuma.