Barua ya Kumi na Nne

Jumapili hiyo soko la Kibuye lilikuwa limefurika, na mikono ya watu wawili ikashika koti moja kwa wakati mmoja.

"Nimelitangulia, Bwana," alisema Nasike, aliyevalia gauni la kitenge cha manjano.

"Madam, hilo ni koti la kiume."

"Basi litamfaa baba yangu."

Calvince alicheka, akaliachilia. Walipojuana majina walishangaa: Calvince alisimamia vikaushio vya omena, wale dagaa wa ziwani, vya kampuni moja ufuoni Usenge, naye Nasike alipokea barua pepe za kampuni hiyohiyo katika ofisi ya Kisumu.

"Kumbe ndiwe Bwana Muhimu!" Nasike alipiga makofi. "Turubai limetoboka: Muhimu. Sabuni imekwisha: Muhimu. Kichwa cha barua kinieleze unataka nini na unakitaka lini, ndipo nijue nianze na ipi."

"Nitajirekebisha, jaber," alijibu, akimwita mrembo kwa Kijaluo.

Hakujirekebisha. Walipendana miezi minane, wakala samaki ufuoni Dunga kila Jumamosi, na barua zake za kazi ziliendelea kuitwa Muhimu. Nasike alizoea kuzikusanya na kuzifungua zote Ijumaa.

Jumatatu moja Calvince, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito kwa mambo ya moyo, aliandika kwamba kampuni ilitaka kumhamishia Lodwar kwa miaka mitatu, na kwamba alipaswa kujibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kama Nasike angekubali kuolewa naye, angeukataa uhamisho huo. Juu ya barua akaandika: Muhimu sana.

Siku mbili zikapita kimya. Jumatano jioni Nasike alimpigia simu.

"Mpenzi, mbona umepoa kama ugali wa jana?"

"Nilikuandikia. Huna la kunijibu?"

"Ni lile turubai? Nitalishughulikia Ijumaa. Usininunie."

"Turubai," alirudia Calvince taratibu, kisha akaizima simu.

Ijumaa, saa tano na nusu, Nasike alifika kwenye barua ya kumi na nne. Aliisoma, akasimama, akaketi, akasimama tena. Simu ya Calvince haikupatikana. Hata hivyo, alijua kwamba fomu za uhamisho hujazwa kwenye kompyuta ya ofisi ya Usenge, mbele ya msimamizi. Akaandika kila kitu katika kichwa cha barua, na chini yake akaacha patupu.

Huko Usenge, msimamizi Enos alikuwa ameinama nyuma ya Calvince maneno yalipojitokeza pembeni mwa skrini. Akayasoma kwa sauti ya kanisani:

"'Nimekubali kuolewa nawe. Usijaze fomu ya Lodwar. Njoo kwa baba, Webuye, kesho saa nne.' Bwana Calvince, fomu hii niifanyeje?"

"Ifute, Mzee!"

Calvince alikuwa ameshafika nje, katikati ya akina mama waliokuwa wakianika omena, na Enos akawatangazia habari kutoka dirishani. Vigelegele vikapaa. Calvince akawasha simu.

"Umeifungua?" aliuliza Nasike, akihema.

"Ya nini? Nimekuelewa kwa kichwa cha barua tu! Nisamehe, jaber. Nilikuandikia ombi la ndoa kama mtu anayeagiza sabuni."

"Nami nikamweka foleni mpenzi wangu mwenyewe. Nisamehe. Na usichelewe, baba hapendi kungoja."

Kesho yake saa tatu kasoro robo, Calvince alisimama mbele ya lango la baba yake Nasike, Webuye, akiwa na wajomba wawili, Enos, na gunia zima la omena. Nasike alikuwa ameshalifungua lango.