Kadi ya Kijani ya Mama Dobi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuwasha mkaa wa pasi, kufunga kamba ya nguo uani, na kumpelekea mama yake glasi ya maji pamoja na kidonge kimoja cheupe. Kidonge hicho kilikuwa cha presha. Daktari alisema kimezwe kila siku bila kukosa. "Ukikisahau wewe, moyo wako hautakisahau," alionya, na Mama alipenda kuyarudia maneno hayo kwa mzaha huku akinywa maji.

Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu ajue kusema hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza isipokuwa usingizini, na hata huko si sana. Mama yake aliitwa Mama Dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, na chumba cha nyuma ndicho walicholala wote wawili, kwani baba alifariki Chiriku akiwa hajaanza shule. Nguo zikiwa nyingi, walikula wakashiba. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, nguo hazikauki, wateja hawalipi, basi walikunywa chai na kulala mapema.

Siku moja, baada ya ibada, lilitangazwa darasa la kina mama: namna ya kupata, kutoa na kuweka akiba kwa kumcha Mungu. Mwalimu alikuwa Bibi Mizani, mwanamke mzee aliyeuza nafaka sokoni kwa miaka thelathini bila kumpunja mtu hata punje moja. Ndiyo maana watu walimpa jina hilo, na alilivaa kwa fahari. Alisema hawezi kuwapa wanawake wote ushauri mmoja wakati vipato vyao havifanani, kwa hiyo kila mmoja ajaze fomu. Maana ya rangi hakuwatajia, lakini asiye na kipato angepewa kadi ya njano, anayepata siku kwa siku kadi nyeupe, na mwenye mshahara kadi ya kijani. Kila kadi ilikuwa na maagizo yake.

Macho ya Mama yalikuwa yameumizwa na moshi wa mkaa kwa miaka mingi, na herufi ndogo zilimpa tabu. "Nijazie, mwanangu," alisema, akaenda kuketi.

Chiriku akachukua kalamu. Kando yake alikuwa rafiki yake wa darasani, binti wa muuguzi, naye akimjazia mama yake. Chiriku akachungulia. Aliona alama penye neno "mshahara", na chini yake tarakimu nono ya kupendeza.

Wiki hiyohiyo, shuleni, mtoto mmoja alikuwa ameuliza kwa sauti kama ni kweli mama yake Chiriku hufua soksi za watu. Darasa zima liliangua kicheko. Binti wa muuguzi hakucheka, lakini Chiriku hakuwa na hakika angeendelea kutocheka mpaka lini. Sasa alihisi uso wake ukiwaka upya. Akaweka alama penye "mshahara", kisha akaandika kiasi ambacho mama yake hakuwahi kukishika hata katika mwezi mzuri kuliko yote. Mama akatia sahihi bila kusoma. Ni karatasi tu, Chiriku alijiambia, na karatasi haimdhuru mtu. Alijidanganya, na uongo wake haukukawia kuanza kazi.

Wiki iliyofuata Mama alikabidhiwa kadi ya kijani. Aliigeuzageuza mkononi, akawatazama wenzake wenye kadi kama yake: muuguzi, mwalimu na karani wa posta. "Kumbe nami nimo humu?" alimnong'oneza Chiriku, macho yakimng'aa. "Bibi Mizani amenipima akaona naweza. Yule hakosei."

Kadi iliagiza hivi: kila mwezi kwanza ondoa sehemu ya Mungu, pili ondoa kiasi kilichoandikwa hapa na ukitie katika sanduku lenye kufuli, tatu ishi kwa kinachobaki. Ufunguo wa kila sanduku ungekaa kwa Bibi Mizani kwa miezi kumi na miwili. Kwa muuguzi, huo ulikuwa ushauri mzuri kabisa. Kwa Mama Dobi ilikuwa dawa ya mgonjwa mwingine.

Wanawake walisimama mmoja mmoja kutoa ahadi. Chiriku, akiwa mlangoni, alimsikia mama yake akisema, "Naahidi mbele ya Mungu. Sitapunguza, wala sitaruka mwezi." Alitaka kupiga kelele. Lakini Chiriku yule wa maneno mengi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikosa neno.

Mwezi wa kwanza, sukari ilitoweka nyumbani. Mama alijifunga kibwebwe, akachukua nguo za nyumba nyingine mbili. Mwezi wa pili alianza kupakua chakula cha mtu mmoja. "Na wewe, Mama?" Chiriku aliuliza. "Nimeonjaonja jikoni mpaka nimeshiba," alijibu Mama, lakini sufuria ilikuwa kavu. Miguu yake ilivimba jioni. Zamani alikuwa akiimba akipiga pasi, na sasa kilichosikika chumbani ni pasi tu, na pumzi zake zilizokuwa nzito kuliko nguo alizozinyoosha. Kila alipotumbukiza fedha sandukuni alifumba macho na kushukuru. Chiriku alitoka nje asione.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, alimpelekea maji na kidonge kama kawaida. "Kiache hapo, nitakimeza baadaye," alisema Mama.

Jioni Chiriku alifungua kikopo cha dawa. Vidonge vilikuwa tisa. Kesho yake vilikuwa tisa vilevile.

"Mama, mbona dawa hazipungui?"

"Navimeza kwa kuruka siku, vifike mwezi ujao. Fedha ya kununua vingine imeingia sandukuni."

"Lakini daktari alisema kila siku!"

"Chiriku!" Mama alifoka, na Mama hakuwa mtu wa kufoka. Kisha akashusha sauti. "Wenzangu wote wanaweza. Nikilegea mimi, nitakuwa nimemdanganya Mungu. Usiniangalie hivyo, mama. Nenda shule."

Chiriku alikwenda shule. Mwalimu aliuliza swali la hesabu, hakusikia. Wenzake walimtania kwamba amemeza kufuli. Mara tatu wiki ile alimkaribia mama yake ili aseme, na mara tatu alirudi nyuma. Angeanzaje? Mwanzoni lingekuwa jambo la dakika moja na makofi mawili, lakini sasa lilikuwa na miezi mitatu ya njaa ndani yake. Nitamwambia kesho, alijiambia. Ikifika kesho, akasema kesho.

Kisha siku moja alirudi saa saba mchana. Alisikia harufu kabla hajafika mlangoni, harufu ya kitambaa kinachoungua. Alisukuma mlango. Moshi ulikuwa umejaa chumbani, na juu ya meza pasi ilikuwa imelala juu ya shati jeupe la mteja, pembeni yake kitambaa kimegeuka cheusi. Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Pasi," alisema Mama. Neno lilitoka limepinda, na mdomo wake pia ulikuwa umepinda.

Chiriku aliiondoa pasi, akatoka mbio. Hakukumbuka viatu. Alikimbia mpaka kwa muuguzi, akapiga mlango kwa ngumi zote mbili. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu. Alimtazama mtoto usoni mara moja tu, akachukua mkoba wake, wakakimbia pamoja, binti yake nyuma yao.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, tena bahati yao wamemwahi. Lakini Mama alihitaji dawa nyingi na mazoezi ya mkono, na vyote vilitaka fedha. Jioni Bibi Mizani aliingia wodini na ufunguo mkononi.

"Tunafungua sanduku lako," alisema. "Siku ya kulifungua ndiyo hii."

Mama alitikisa kichwa juu ya mto. Alisema polepole, akilitafuta kila neno. "Niliahidi miezi kumi na miwili. Usifungue."

"Dada, utakufa na sanduku limejaa!" muuguzi alimaka.

"Niliahidi mbele ya Mungu."

Bibi Mizani akakunja uso. "Sikuelewi. Kwa mshahara ulioandika wewe, dawa hizi usingezikosa hata bila sanduku. Mshahara wako unakwenda wapi?"

"Mshahara?" Mama alimtazama. "Mshahara gani?"

Chiriku alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chuma chake kwa mikono miwili. Rafiki yake alikuwa palepale, mtu ambaye kwa ajili yake mambo yote haya yalianza, anasikiliza. Chiriku aliona haya, lakini alipoutazama mdomo wa mama yake uliopinda, aibu ile ikawa kitu kidogo sana.

"Ni mimi," alisema. "Mama hana mshahara. Mimi ndiye niliyejaza fomu, nikaandika uongo. Nilichungulia ya huyu, nikanakili. Sikutaka ajue kwamba sisi tunafua."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomliza. Binti wa muuguzi alimsogelea. "Nilijua," alinong'ona. "Mtaa mzima unajua. Kamba yenu ya nguo iko uani, si chini ya kitanda."

Mama alifumba macho. Chozi likashuka upande mmoja. Bibi Mizani aliketi kitandani, akaushika ule mkono usio na nguvu.

"Nisikilize, dada yangu. Ahadi hii haikuwa yako. Uliapa kwa pato la mtu mwingine, na Mungu hakudai kitu ambacho hakukupa. Kadi yako ilikuwa nyeupe, na kadi nyeupe inaagiza hivi: kula kwanza wewe na mtoto, nunua dawa, kisha kitakachobaki ndicho ugawe, kwa sadaka na kwa akiba. Kisipobaki kitu leo, hudaiwi na mtu."

Alipoendelea, sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Na mtoto hakukosa peke yake. Miaka thelathini sikuwahi kununua gunia kwa kusoma maandishi ya nje. Nilitia mkono mpaka chini. Lakini ninyi niliwapima kwa karatasi. Nilikuona unakonda wiki hadi wiki, nikadhani unafunga. Nitakwenda kuwauliza wote upya, mmoja mmoja, nyumbani kwao."

Sanduku lilifunguliwa siku ileile. Fedha zilitosha dawa, zikatosha mazoezi, na zilizobaki zikamlipa mwenye shati. Wiki tano Mama alijifunza upya kushika kijiko. Chiriku alifua soksi za watu kila alipotoka shule, akazianika uani mchana kweupe, na waliotaka kucheka walicheka.

Siku Mama alipoweza kuinua pasi tena, japo kwa mikono miwili, Chiriku alimwuliza swali lililokuwa limemkwama rohoni. "Mama, umenisamehe?"

"Nilikusamehe palepale hospitalini," alisema Mama. "Lakini haya nitakayokuambia uyashike. Mtu akitaka kujua hali yetu, mwambie ilivyo. Anayetaka kutusaidia hawezi kutuona ikiwa tumejificha nyuma ya uongo. Na kazi ninayoifanya kwa mikono yangu haina aibu hata kidogo. Aibu ni kuikana."

"Ndiyo, Mama."

"Utakosea tena, maana bado unakua. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyohiyo, hata kama nitakuchapa. Ulinificha siku baada ya siku, ukiwa umesimama karibu yangu, na mimi nilikuwa nakufa huku nakutazama." Aliuweka mkono wake dhaifu juu ya bega la mwanawe. "Nimebakiwa na wewe tu, mwanangu. Usininyamazie tena."