Gunia la Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Watiri alipitia banda la vifaranga nyuma ya nyumba yao huko Kiganjo. Siku hiyo alikuta kimya. Vifaranga wa mama yake walikuwa mia mbili; sasa waliokuwa hai hawakutimia thelathini. Jiko la gesi la kuwapasha joto liliwaka kwa moto wa manjano, hafifu. Alilizima upesi, akachomoa gunia alilokuwa ameziba nalo dirisha, akalificha. Ndipo akamwita mama.

Mama yake, Monicah, aliketi kwenye nyasi zenye umande, kichwa mikononi. "Nimekwisha mimi! Ni huyu Ngatia. Ati vifaranga wazuri! Ameniuzia wagonjwa, na leo soko lote litajua."

Watiri alijua ukweli. Ngatia, muuza vifaranga, aliwaagiza waache dirisha wazi kidogo. Lakini baridi ya Julai ilikuwa kali, na yeye, bingwa wa chama cha sayansi shuleni, alikuwa amepiga hesabu katika daftari lake. Lita moja ya gesi ile huungua kwa lita tano za oksijeni, na kutoa lita tatu za kaboni dioksidi. Jiko lilitumia lita sitini za gesi kwa saa, yaani oksijeni lita mia tatu. Banda lilikuwa na lita elfu nane za hewa. Aligawanya, akapata zaidi ya saa ishirini na sita. Saa moja jioni akaziba dirisha, akaenda kulala bila wasiwasi wowote.

Ngatia alifika baada ya kupigiwa simu. Mama alimfokea mpaka sauti ikamkauka. Kijana wa watu aliokota kifaranga mfu, akamgeuza kiganjani.

"Kiganjo hii hutauza tena hata kifaranga mmoja!" mama alisema.

Watiri hakuweza kuvumilia zaidi. Alileta gunia na daftari huku akilia. "Mama, si yeye. Ni mimi niliyeziba dirisha."

Mama aligeuka kulitazama gunia. Ngatia alisoma daftari polepole.

"Hapa umepatia," alisema. "Lakini hewa si oksijeni tupu, Watiri. Oksijeni ni kama sehemu moja kwa tano. Gawanya elfu nane kwa tano."

"Elfu moja mia sita."

"Sasa gawanya kwa mia tatu."

Watiri aligawanya. "Tano na kitu."

"Saa tano tu. Na kabla hazijaisha, moto unaokosa oksijeni hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu."

"Nisamehe, Ngatia," mama alisema kwa sauti ndogo. Waliwakusanya waliobaki, wakawaweka juani. Walikuwa ishirini na saba.

"Hesabu kila mtu hukosea," Ngatia alimwambia Watiri. "Lakini ungenyamaza, mama yako angenifukuza na kupuuza agizo langu, na jioni baridi ingemfanya azibe dirisha yeye mwenyewe. Kesho asubuhi hata hawa usingewakuta."